Kengele ya Kisauni na Watoro wa Rabai

"Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?"

Makanga aligonga bati la matatu kwa kiganja, dereva akaegesha kando ya barabara ya Malindi. Tulishuka watatu. Wenzangu wawili walipotelea kati ya bodaboda na wauza maembe, nami nikabaki nimesimama mbele ya kitu ambacho nimekipita miaka nenda miaka rudi bila kukitupia jicho: mnara mfupi, na kengele ndani yake.

Mtu wa Mombasa hutaja Kengeleni kama atajavyo Buxton au Mwembe Tayari. Ni kituo cha kushukia ukielekea Nyali au Kisauni, basi. Wachache husita na kujiuliza ni kengele gani hiyo. Inasimuliwa kwamba ililizwa kila yalipoonekana majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa, ili wakazi wajikusanye upesi, maana wakazi wenyewe walikuwa watu waliokwisha kutekwa mara moja na hawakutaka kutekwa tena. Mji wao uliitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa.

Sikuja kutafuta historia peke yake. Kanisani kwetu, ambako sitakutaja jina, kuna mama aliyekuwa akija na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto hasemi. Anapofurahi hutoa sauti kubwa, na nyimbo humfurahisha mno. Jumapili moja mzee wa kanisa alimwinamia yule mama akamwomba, kwa upole kabisa, akae nje chini ya mwarobaini ili mahubiri yasikike. Akatoka. Mimi nilikuwa benchi la tatu; niliyaona yote, nikainamisha kichwa nikafungua kitabu changu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata mama hakuja, wala ile iliyofuata hiyo. Ndipo nikaanza kuulizia Wakristo wa mwanzo wa pwani hii walikuwa wakimpokea nani, na kuwapokea watu kuliwagharimu nini. Kila niliyemwuliza alinitajia majina mawili: Freretown na Rabai. Nikaomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa, nikatia nguo mbili mkobani.

Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na chama cha wamisionari cha CMS, chini ya kasisi William Salter Price. Price alikuwa amekaa India miaka mingi, huko Sharanpur karibu na mji wa Nasik, akiwalea watoto wa Kiafrika waliokamatwa baharini pamoja na majahazi yaliyowabeba, wakashushwa Bombay na manowari za Kiingereza. Huko walijifunza kusoma, useremala na uhunzi, wakakua, wakaoana. Karibu watu 150 wa kundi hilo wakavuka bahari kurudi upande huu kusaidia kuujenga mji mpya. Hao ndio Waafrika wa Bombay. Baadhi ya vijana wa Nasik majina yao yalikwisha kuvuma: Jacob Wainwright na Matthew Wellington walikuwamo katika msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Wellington alizeekea Mombasa, akafariki mwaka 1935, na kwa miaka yote hiyo watu walimwona akipita mitaani, mzee aliyewahi kuuzwa.

Halafu manowari zikaanza kushusha watu hapa hapa. Wayao, Wamakua, Wanyasa, watoto kwa watu wazima, wamekonda, wengine hawana hata lugha moja ya pamoja. Wakapewa viwanja vya kujenga na mashamba ya kulima, watoto wakatiwa shule. Jina walilopewa na wamisionari lilikuwa mateka.

Nje ya Kanisa la Emmanuel nilimkuta mzee ameketi kivulini, bakora magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi na jua hili?"

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha nafasi kando yake. Nilimwuliza asili yake, naye akahesabu kwa vidole. "Babu Myao. Bibi Mmakua. Walikutana baada ya merikebu. Babu hakijui Kimakua, bibi hakijui Kiyao, basi wakazungumza Kiswahili, nasi tukazaliwa humo." Nikamwuliza watu wa mjini waliwaita nani. "Watu wa misheni," akajibu. "Na wengine walituita kwa majina mengine. Hayo tuyaache."

Sikuhitaji kuyasikia. Kiswahili chenyewe kimeyahifadhi. Zamani katika miji ya pwani mtu alikuwa mwungwana au hakuwa. Mwungwana ni yule aliyezaliwa huru. Chini yake alikuwako mzalia, mtumwa aliyezaliwa hapa hapa akalelewa katika desturi za mji. Chini kabisa alikuwako mjinga, aliyeletwa juzi kutoka bara, asiyejua lugha wala dini wala namna ya kuvaa. Leo tukimwita mtu mwungwana tunasifu adabu zake, na tukimwita mjinga tunadhani tunazungumzia akili. Maneno haya yalikuwa ngazi, na Freretown ilijazwa na watu wa kidato cha mwisho.

Kutoka kidato hicho ukatokea ukoo wa Mbotela. James Juma Mbotela, mwana wa Myao aliyeokolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1934, akisimulia walivyotekwa wazee wake na walivyofika Freretown. Ukoo huo huo ulimtoa Tom Mbotela, mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Tena ukamtoa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Freretown mwaka 1940, ambaye tangu miaka ya sitini aliingia katika kila nyumba yenye redio na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Nilikua nikikisikiliza jikoni kwa mama. Tulifikiri anauliza habari za adabu tu: anayesukuma wenzake kwenye foleni, anayezungumza huku anatafuna. Alipofariki Februari 2025 nchi nzima ilimlilia, na sikusikia mtu hata mmoja akisema jambo ambalo mzee huyu wa bakora alinieleza siku hiyo kivulini: kwamba mzao wa watu walionyimwa ungwana ndiye aliyetuuliza sote, kwa nusu karne na zaidi, kama sisi tunao.

Hata hivyo nisiipambe Freretown kuliko ilivyokuwa. Waliookolewa na minyororo walikutana na viboko ndani ya misheni yenyewe. Ukali wa adhabu zilizotolewa na msimamizi mmoja Mwingereza ulifikia hatua ya kufanyiwa uchunguzi mwaka 1881, naye akaondoka. Waafrika wa Bombay, wenye elimu na ufundi, walilipwa kidogo kuliko Wazungu waliofanya nao kazi ile ile, na malalamiko yao kuhusu ujira na heshima yaliendelea miaka mingi. Walikuwa ndugu wakati wa sala, vibarua baada ya amina. Hilo linaniuma kuliko viboko, kwa sababu viboko vilichunguzwa.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la Mariakani. Njia ile si ya kupendeza: malori ya kontena kutoka bandarini yamejipanga toka Changamwe, vumbi, moshi, Miritini na stesheni yake kubwa ya reli mpya. Ukifika Mazeras unaiacha barabara kuu ya Nairobi, unashika njia ya Kaloleni, na ghafla dunia inabadilika. Minazi. Minazi kila upande, mirefu, mingine imekatwa vidato vya kupandia mgema. Bodaboda alinipandisha kilimani huku upepo ukipoa, nikaelewa kwa nini wageni wa mwaka 1846 walipapenda. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 25 tu, lakini hewa ni nyingine.

Wageni hao walikuwa Wajerumani wawili waliotumwa na CMS, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai wa mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe Rosina na binti yao mchanga. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande ule ule wa Nyali ambako miaka thelathini baadaye ungejengwa mji wa Freretown. Alipopanda Rabai alikuwa mjane anayeumwaumwa, mgeni kwa kila mtu.

Simulizi nyingi za misheni hupenda kuanza na mmisionari aliyefungua mlango. Rabai mlango ulifunguliwa na wazee wa kaya, makazi ya kale ya Warabai msituni. Watu wenye mila zao, wenye msitu wao mtakatifu ambao mpaka leo umesimama, na ambao pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda uliingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Wao ndio waliomruhusu mtu mwenye dini tofauti ajenge, alale na azungumze. Mama mmoja wa makumbusho aliyenitembeza alinisisitizia jambo hilo tukiwa bado hatujaingia mlangoni. "Andika hilo kwanza," aliniambia. "Wazee walimkaribisha. Hao wengine wote waliokaribishwa baadaye walikuja juu ya karibu hiyo."

Makumbusho ya Krapf yamo ndani ya uwanja wa misheni, na nyumba walizokaa wamisionari hao wawili ziko hatua chache tu. Majengo ni ya kawaida, hayatishi. Tulikwenda polepole. Niliuliza ni nani aliyebatizwa wa kwanza, nikitarajia kutajiwa chifu, au mwana wa chifu, au walau kijana wa shule.

"Mringe," akasema. "Alikuwa kilema."

Nikamwomba arudie.

Mringe alikuwa mtu wa hapa, mwili umelemaa, na katika miaka ile ya mwanzo ambapo karibu kila mtu alisikiliza mahubiri kwa heshima kisha akaenda zake, yeye alisikiliza akabaki. Alibatizwa akiwa mgonjwa, akafa muda si mrefu baadaye. Hakupata kujenga chochote wala kuhubiri popote. Vitabu vya historia ya Kanisa nchini Kenya, vinapofika kwenye waumini wa pwani, huanza naye. Na baada yake hutajwa Abe Gunja. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ile nikamfikiria mtoto wa miaka tisa chini ya mwarobaini. Mama wa makumbusho aliona nimenyamaza, akaniacha, akaenda kunyoosha mkeka ambao haukuwa na haja ya kunyooshwa.

Yapo mengine niliyojifunza Rabai ambayo yanastahili safari yao wenyewe. Kwa mfano Salimini, mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ambaye kwa miaka kadhaa alikaa na Rebmann akimfundisha lugha yake neno kwa neno. Kamusi ya lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1877, na jina kubwa juu yake ni la Rebmann. Maarifa yalikuwa ya mtu ambaye kwa sheria ya siku zile alikuwa mali ya mwingine. Au Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, macho yakafifia, akawa kipofu. Mwaka 1875 alipoondoka, Nyondo alimshika mkono, akapanda naye meli, akampeleka mpaka Ulaya. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Macho yale ndiyo yaliyoandikwa vitabuni kuwa ya kwanza ya Mzungu kuiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848. Kwa safari ya mwisho yaliazimwa macho ya kijana wa Rabai.

Lakini jambo lililonileta lilikuwa la watoro, watumwa waliowatoroka mabwana wao.

Mkataba wa 1873 uliufunga mlango wa soko na wa bahari. Haukuwagusa waliokuwa tayari wakilimishwa katika mashamba ya nchi kavu, Malindi, Takaungu, Mombasa, na wengine waliendelea kuletwa kwa miguu. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa na manowari alikuwa huru, na nduguye aliyetoroka shamba usiku akavuka mito mpaka akafika Rabai alikuwa, mbele ya sheria, mali iliyopotea inayopaswa kurudishwa kwa mwenyewe. Wakubwa wa misheni walilijua hilo. Maagizo yalitolewa zaidi ya mara moja kwamba vituo visipokee watoro, maana vikiwapokea vitachomwa moto, na serikali ya Uingereza haitavitetea.

Watoro hawakuyasoma maagizo. Walikuja, mmoja mmoja, mke na mume, mama na mtoto mgongoni. Aliyesimamia Rabai miaka hiyo alikuwa William Henry Jones.

Jones alikuwa Myao. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India, akaja Rabai mwaka 1864 pamoja na wenzake wa Nasik akiwamo George David, miaka kumi na zaidi kabla Freretown haijakuwapo. Mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu James Hannington, yeye na Ishmael Semler, na mwaka huo huo akafuatana na askofu huyo katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko ambako leo ni Mumias, akatangulia na watu hamsini. Oktoba akauawa Busoga. Jones alingoja wiki baada ya wiki. Alipokuwa na hakika ya msiba aliugeuza msafara, akawarudisha watu mpaka Rabai mwanzoni mwa 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Kiebrania, Ikabodi, kwamba utukufu umeondoka. Nimewahi kusoma habari za safari hiyo zikimhusu askofu peke yake. Aliyewarudisha watu nyumbani wakiwa hai alikuwa mtu aliyeuzwa utotoni.

Huyo ndiye aliyebishiwa hodi usiku na watoro. Ningependa kuandika kwamba alitoa hotuba ya kishujaa. Sina ushahidi wa hotuba. Ninachojua ni kwamba hakuwafukuza. Wakapata mahali pa kujenga, wakalima mihogo na mahindi, wakakaa ibadani, wakaongezeka. Viongozi wa Kizungu walipokuja kuhesabu mwaka 1888 walishtuka: sehemu kubwa ya watu wanaoimba Rabai walikuwa watu ambao, kwa kitabu cha sheria, hawakupaswa kuwapo. Ukilinganisha na kilichotendeka Freretown tofauti ni moja tu, na kwangu ndiyo kubwa. Freretown iliwapokea hasa walioletwa na manowari, waliokwisha kuidhinishwa. Rabai, chini ya Jones na wenzake, iliwapokea waliojileta.

Gharama haikuwa ya maneno. Wenye mashamba waliitishia misheni, tena kwa dhati. Wako waliokesha na bunduki wakingoja mashambulizi. Kaskazini zaidi, mahali paitwapo Fuladoyo, Mgiriama mmoja Mkristo, Abe Ngowa, alikuwa ameanzisha kijiji ambacho nacho kilijaa watoro. Hakukuwa na Mzungu huko. Kiongozi wao wa baadaye, David Koi, alikamatwa mwaka 1883 akauawa. Waanglikana wa Kenya humtaja kuwa shahidi wao wa kwanza. Kosa lake lilikuwa kukaa na watu walioitwa mali.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipochukua uendeshaji wa pwani, wenye watumwa walidai watu wao. George Mackenzie, aliyeiongoza kampuni hapa, aliona vita vinakuja, akapatana nao: watalipwa fidia kwa kila mtoro aliyeko misheni, nao watoro watapewa hati za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, hati zilitolewa. Waliokombolewa kwa mpango huo, pamoja na wale wa vituo vya Wamethodisti vya Ribe na Jomvu, walizidi 1,400. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Waliofanya kazi bure miaka yote hawakulipwa senti. Na utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Mama wa makumbusho alikuwa ameketi nami ngazini sasa. Nilimwuliza kama watu wa Rabai wa siku zile waliwapenda watoro. Hakujibu haraka.

"Kulikuwa na maneno," alisema. "Mgeni akija na watu elfu, maji ni yale yale, ardhi ni ile ile. Wenyeji walinung'unika, na watu wa Bombay walijiona bora, maana wamesoma. Wengine hawakutaka binti yao aolewe na mtoro. Wewe unadhani kupokea watu ni kama kupokea barua?"

"Hapana, mama."

"Walinung'unika na wakabaki pamoja. Ukienda kanisani kesho, niambie ni nani wa mateka, nani wa watoro, nani wa kaya. Hutamjua."

Nililala nyumba ya wageni Mazeras, nikapanda tena kilima Jumapili kabla ya saa mbili. Kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa mwaka 1887, yaani watoro walikuwako lilipoinuliwa. Kuta nene, madirisha membamba, na harufu ile ya mawe ya kale ambayo jua haliifikii. Jina la kanisa lilinijia upya nilipokuwa naliandika kwenye daftari. Paulo ndiye aliyemwandikia Filemoni barua kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Barua fupi kuliko zake zote, yaweza kusomwa kabla chai haijapoa. Anamrudisha, lakini anamwomba Filemoni ampokee kama ndugu, na kama kuna deni aandikiwe Paulo mwenyewe. Watu wamebishana kwa karne nyingi kama alisema ya kutosha. Jones alikuwa na barua hiyo hiyo mezani, na watoro hakuwafukuza.

Ibada ilijaa. Kwaya ya vijana, akina mama wa umoja wao na vitambaa kichwani, watoto wanaotoka na kuingia kama kuku wa nyumbani. Katikati ya somo la pili mtoto mmoja alianza kulia kwa sauti ya juu sana. Niligeuka kwa mazoea yangu mabaya ili nione mzee gani atainuka. Aliinuka bibi mmoja kutoka benchi la mbele, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akarudi naye pale pale mbele, akampakata. Mtoto akaendelea kulia. Msomaji akapandisha sauti kidogo, akamaliza somo. Hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi.

Baada ya ibada nilinunua madafu sita kwa kijana wa njia panda, akayafunga kwa kamba ya ukindu. Gari la kurudi lilijaa. Niliyaweka miguuni na kila breki ilipopigwa yalinigonga vifundo. Sikwenda nyumbani. Nilishuka Changamwe, nikamwulizia mama wa yule mtoto duka la kwanza, nikaelekezwa, nikauliza tena. Sikuwa na namba yake ya simu. Miaka mitatu tumepeana amani kila Jumapili na sikuwa na namba yake.

Alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Alinitambua. Alitazama madafu, akanitazama mimi.

"Jumapili ya nane leo," alisema.

Nikamwambia naijua hesabu hiyo. Nikamwambia nilikuwa benchi la tatu siku ile, niliona, na sikusema neno. Hakusema si kitu, na nilishukuru kwamba hakusema. Alisogea pembeni.

"Pita. Viatu acha hapo."

Ndani redio ilikuwa ikicheza nyimbo za dini, na kutoka chumba cha nyuma, juu ya kwaya na juu ya kelele za malori ya barabara kuu, ilisikika sauti ya mtoto, kubwa, imefurahi.

"Anaimba," mama yake akasema, akaenda kutafuta kisu cha kukatia madafu.